Nilipoteza posti 64 za blogu yangu. Utaratibu wangu wa kuandika tangu siku hiyo (uzi mrefu)

MchungwaMkongwe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza afungue blogu kwa programu gani. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza kurasa tatu. Nimeona bora nizilete hapa, kila mwenye uzoefu wake achangie.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Muheza, Tanga. Mwaka 2015 nilifungua blogu ya kilimo cha machungwa. Niliandika habari za miche, magonjwa na bei za msimu, lakini nilichokipenda zaidi ni kuwahoji wazee waliopanda mashamba ya mwanzo vijijini kwetu. Nilitumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu, kwenye seva ya kampuni niliyokuwa nailipa kila mwaka. Mwaka 2019 tovuti ikaacha kufunguka. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikaandika barua pepe, ikarudi. Baada ya mwezi nikaelewa kwamba kampuni ile haipo tena, na posti zangu 64 zimeondoka nayo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimepakua folda la tovuti nikaliweka kwenye flashi, nikalala usingizi nikijua nina bekapu. Nilipolifungua nikakuta picha zote zipo, na maneno hayamo. Sikuwa najua kwamba WordPress haihifadhi maandishi kwenye mafaili. Picha na mapambo ya tovuti hukaa kwenye mafolda, lakini kila neno unaloandika linaingia kwenye hifadhidata ya MySQL, ambayo ni kitu cha pembeni kabisa na lazima uichukue kivyake. Kwa hiyo nilibaki na picha ya mzee mmoja ameshika kisu cha kubebeshea miche (yaani kuunganisha mti mmoja kwenye shina la mwingine), na yale aliyoniambia kwa saa mbili chini ya mchungwa wake yalikuwa yamepotea. Na mzee alikwisha kufariki. Yeye ndiye aliyefundisha kubebesha karibu nusu ya kijiji.

Nilikwenda Internet Archive, kwenye ile Wayback Machine yao inayohifadhi kurasa za zamani, nikapata posti 9. Ya mzee haikuwemo.

Sasa nije kwenye swali la kijana. Watu wengi huanza na "nitumie programu gani?", na mimi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni: maandishi yako yataishi wapi kabla hayajafika kwenye blogu, na yatabaki wapi blogu ikifa? Blogu ni mahali pa kuchapishia. Ukiigeuza ikawa pia daftari lako, kabati lako na ghala lako, siku moja utalia kama nilivyolia.

Tangu 2019 sijaandika hata sentensi moja ndani ya blogu yenyewe. Nina folda moja kwenye laptopu, na ndani yake mna mafolda manne niliyoyapa majina ya shambani: mbegu, kitalu, shamba, ghala.

Mbegu ni kila kinachookotwa. Sentensi niliyoisikia kwenye daladala, swali la mwanafunzi, picha ya jani lenye madoa, sauti niliyoirekodi. Hapa siandiki vizuri wala sijaribu. Zipo mbegu zimekaa miaka miwili na sizigusi.

Kitalu ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa nitakaa kidogo. Mbegu ikipata faili lake naipa jina linaloanza na tarehe, mfano 2024-03-14-limau-kama-shina, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mpangilio wa siku. Rasimu ya kwanza naiandika bila kurudi nyuma, hata nikikosea jina la mtu. Nikikwama kwenye jambo nisilolijua naandika herufi XX naendelea, kwa sababu nikisimama kutafuta jibu mtandaoni sirudi tena. Kisha naliacha faili walau siku mbili. Siku ya tatu nalisoma kwa sauti, mlango umefungwa. Ulimi hauongopi. Sentensi niliyoifikiri kwa Kiingereza nikaivisha kanzu ya Kiswahili, jicho linaipita ila ulimi unajikwaa. Baada ya hapo natafuta XX zote na kuzijaza moja moja.

Mafaili yenyewe ni maandishi matupu, si Word. Natumia alama za Markdown, mtindo aliouanzisha John Gruber mwaka 2004: alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari ni kichwa cha habari, nyota (*) pande mbili za neno ni mkazo, na ndiyo karibu yote unayohitaji. Faida yake ni kwamba faili la namna hii linafunguka kwenye kifaa chochote, cha leo na cha miaka ishirini ijayo, na halizidi kilobaiti chache. Mahojiano yangu yote ya miaka mitano yanaenea kwenye memori kadi ya zamani kabisa na nafasi inabaki.

Na ukinakili kutoka Word ukabandika kwenye blogu, huwa unabeba na takataka za fonti na rangi usizoziona, halafu unashangaa kwa nini aya moja ina herufi kubwa kuliko nyingine. Maandishi matupu hayana tatizo hilo. Kihariri kipya cha WordPress, kile kilichoingia na toleo 5.0 Desemba 2018, ukikibandikia Markdown kinazielewa alama na kuzigeuza chenyewe.

Shamba ni posti iliyokwisha kukamilika ikisubiri siku yake. Mimi huchapisha Alhamisi jioni. Ghala ni iliyokwisha kuchapishwa, pamoja na picha zake. Ghala nalinakili kwenye flashi mbili kila mwisho wa mwezi, moja inakaa kwangu na nyingine kwa dada yangu Korogwe.

Ndiyo hivyo. Programu ya blogu inaweza kuwa yoyote. Karibuni.

---

Kibatari

Pole sana mwalimu. Hiyo ya folda bila hifadhidata imewakuta wengi, ila wachache wanaisema.

Mimi nitaitetea Blogger, ile huduma ya blogu ya bure. Nipo huko tangu 2009, silipi hata senti, na sijawahi kupoteza kitu. Hiyo programu ilizaliwa 1999 na Google wakainunua 2003. Waliokuwa wakisoma blogu za Kiswahili miaka ile ya 2005 wanaikumbuka Jikomboe ya Ndesanjo Macha, na ya Michuzi pale Blogspot (anwani za blogu za Blogger) iliyotuzoesha kusoma habari kwa picha kabla ya simu janja. Watu wale hawakuwa na seva wala fundi. Walikuwa na neno la kusema.

Kwa anayeanza leo na hana hela, namwambia Blogger. Asije akajitwisha malipo ya kila mwaka wakati hajui kama ataandika hata posti kumi.

---

MchungwaMkongwe

Mkuu Kibatari, sina ugomvi na Blogger, na kwa asiye na hela nakuunga mkono. Ila tofautisha mambo mawili. Kutopoteza kitu hadi leo si sawa na kuwa na nakala. Blogu yako imefungwa kwenye akaunti moja ya Google. Akaunti ikivamiwa, au ikafungwa, na blogu imekwenda. Na Google hawaoni taabu kufunga kitu. Google Reader, programu ya kusomea blogu iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi mno, waliizima Julai 2013.

Nenda kwenye Mipangilio, kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya maudhui. Itakupa faili moja la XML lenye posti zako zote na maoni ya wasomaji. Fanya leo hii kabla hujalala. Ila picha hazimo ndani ya faili hilo, mna viungo (anwani) vya picha tu, kwa hiyo picha zitunze kivyake. Mimi kosa langu lilikuwa kinyume chake, niliokoa picha nikaacha maneno.

---

Mkindu

Shikamoo mwalimu. Mie niko Mombasa, naandika kuhusu ususi wa mikeka, na laptopu sina. Kila kitu nakifanya kwenye simu. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, ndiyo basi. Juzi nilikuwa nimeandika aya sita ndani ya blogu, mtandao ukapotea, nikabonyeza kuchapisha, ukurasa ukarudi mweupe. Nililia kweli.

Mbegu zangu ni sauti. Nikiwa na bibi zangu wakisuka siwezi kushika simu nikaandika, mikono yangu nami inasuka. Narekodi. Kisha usiku nasikiliza na kuandika. Sasa hayo mafolda manne kwenye simu yawezekana?

---

MchungwaMkongwe

Marahaba mwanangu. Yanawezekana, na kwa kazi yako simu ni bora kuliko laptopu kwa sababu ndiyo iliyo karibu na bibi wakisuka.

Kuna programu ya Android inaitwa Markor. Ni ya bure na ya chanzo huria, haihitaji mtandao, na inaandika mafaili matupu ya maandishi ndani ya folda unalolichagua mwenyewe kwenye simu. Tengeneza mafolda yako humo. Sauti nazo uzipe jina la tarehe lilelile la faili, ili mwaka ujao ujue sauti ipi ilizaa posti ipi. Usizifute baada ya kuandika. Sauti ya bibi yako ni mali kuliko posti.

Kuhusu ukurasa mweupe: kama unatumia WordPress, hujihifadhia rasimu kila baada ya sekunde 60, lakini inahitaji mtandao ili kuipeleka kwenye seva. Mtandao ukikatika katikati huna uhakika na kilichopona. Ukiwa umeandika kwenye Markor, unachopoteza ni ile kazi ya kunakili na kubandika tu.

Na picha za mikeka, tafadhali zipunguze kabla ya kuzipandisha. Picha ya simu ina megabaiti 4 hivi. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 inakuwa kilobaiti mia mbili au tatu, na msomaji haoni tofauti kwenye simu yake. Ukiweka picha kumi bila kupunguza, umemla mtu bando la megabaiti 40 kwa posti moja. Huyo hatarudi.

---

Seremala wa Kodi

Naomba nipingane kidogo, kwa heshima.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Mwaka juzi niliamua kuandika. Nikaona WordPress nzito, nikaenda Hugo, inayozalisha kurasa tupu za HTML (lugha ya kurasa za mtandao) bila hifadhidata yoyote. Nikapanga Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, nikapanga kurasa zijichapishe zenyewe nikisukuma faili GitHub, tovuti ya kuhifadhia mafaili hayo, bure kabisa. Nikachagua muundo, nikaubadilisha, nikaubadilisha tena. Mwezi mzima. Utaratibu wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote ninayemjua, na posti ilikuwa moja, nayo ilieleza jinsi nilivyotengeneza blogu.

Nilichojifunza ni kwamba kupanga zana kunafanana sana na kuandika. Mtu anachoka kwa namna ileile na anaridhika kwa namna ileile, na hajaandika. Naogopa kijana aliyeuliza akisoma uzi huu ataanza kutengeneza mafolda badala ya kuandika. Aandike popote, hata kwenye meseji za WhatsApp za kujitumia mwenyewe. Akifika posti ya ishirini ndipo arudi kusoma haya.

---

MchungwaMkongwe

Seremala, umesema kweli na nimeisoma mara mbili. Mwezi wako wa Hugo haukupotea, leo umemfaa mtu.

Ila nakataa hiyo ya kusubiri posti ya ishirini. Mahojiano yangu na mzee yalikuwa posti ya 41, lakini tabia iliyoyapoteza niliianza posti ya kwanza. Kutengeneza mafolda manne ni kazi ya dakika mbili. Akiona ni mengi, atengeneze moja. Ninachomwomba ni kimoja tu, kwamba neno la kwanza liandikwe kwenye faili lake mwenyewe.

Na wewe ndiye mwenye faida kuliko sote hapa. Hugo inasoma mafaili ya Markdown yaliyomo kwenye kompyuta yako. Kwako ghala na blogu ni kitu kimoja. GitHub ikizimwa kesho, unayo kila herufi. Rudi ukaandike, mkuu. Hutahitaji tena kupanga kitu.

---

Kibatari

Nimepakua faili la XML. Miaka yote hii, megabaiti 11. Nimekaa nikaliangalia.

---

Ushuru wa Neno

Kwa wadau wa Tanzania, msisahau upande wa sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wachukue leseni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), maombi shilingi 100,000 na leseni shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Blogu nyingi ndogo zilinyamaza mwaka ule, na baadhi zilikuwa nzuri kweli. Kanuni zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usitumie maelezo ya zamani unayoyakuta mtandaoni. Chukua kanuni zinazotumika sasa uone blogu yako inaangukia kundi gani kabla hujanunua domeini (jina la tovuti).

Na hapo utaratibu wa mwalimu una faida nyingine. Waliokuwa na maandishi yao nyumbani mwaka 2018 walizima blogu wakabaki na kazi yao.

---

Mkindu

Mwalimu, nimeweka Markor. Folda la kwanza nimeliita ukindu, la pili shupatu, la tatu mkeka. Nimeona mbegu na kitalu si zangu. Shupatu ndiyo ule ukindu (majani ya mkindu) uliosukwa ukawa mrefu, bado haujashonwa. Rasimu zangu ndivyo zilivyo, vipande virefu vinavyongoja kushonwa.

Nina swali. Ile ya kusoma kwa sauti, nisome Kiswahili cha kuandika au kama tusemavyo huku? Mie nikiandika "mimi" na "wewe" kama vitabuni, bibi zangu hawasikiki.

---

MchungwaMkongwe

Majina mazuri mno hayo. Usiyabadilishe.

Soma kama msemavyo. Maneno ya bibi yaache kama alivyoyatoa, na maelezo yako wewe yaandike vile yanavyokutoka. Kama ni mie, iwe mie. Msomaji wa Kigoma ataelewa, na asipoelewa neno la ususi atajifunza. Kitu kimoja tu: zima kile kikagua tahajia cha simu. Vingi havijui Kiswahili, vinapiga mstari mwekundu chini ya kila neno mpaka mtu anaanza kuitilia shaka lugha yake, na vingine vinabadilisha neno bila kukuuliza. Mimi "kubebesha" niliwahi kulikuta limegeuzwa neno jingine kwenye posti iliyokwisha kusomwa.

---

Mpiga Chapa

Mwalimu, nimerudi kwenye posti yako ya kwanza, pale uliposema Wayback Machine ilikupa posti 9. Ulitafutaje?

Kama uliandika anwani ya mbele ya blogu ukabofya tarehe, umeona sehemu ndogo. Jaribu hivi. Kwenye kisanduku andika anwani ya blogu, mkwaju, kisha nyota mwishoni. Itakuletea orodha ya kila anwani waliyowahi kuihifadhi chini ya jina hilo, hata kurasa ambazo hazifikiki kwa kubofya. Jaribu ikiwa na www na bila www.

Halafu muhimu zaidi: tafuta anwani inayoishia na /feed/. WordPress yenyewe hutengeneza mlisho wa RSS, faili la posti mpya linalosomwa na programu nyingine, bila wewe kuomba, na kwa kawaida hubeba posti 10 za mwisho. Kama hukuwahi kugusa mpangilio wake ukachagua muhtasari, basi hubeba matini yote ya posti. Mlisho ukihifadhiwa siku moja tu, umeokota posti kumi kwa mkupuo. Kuna milisho ya maoni pia, ila anza na huo.

---

MchungwaMkongwe

Mpiga Chapa, sikuwahi kuijua hiyo ya feed. Nina vipindi hadi saa tisa. Jioni nitajaribu, nitaleta mrejesho.

---

MchungwaMkongwe

Wakuu, mrejesho.

Bila www haikuleta zaidi ya zile 9. Nilipoweka www ikaja orodha ndefu, nyingi ni picha na vipande vya mapambo. Feed zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya 2016, posti kumi, sita kati yake sikuwa nazo. Ya pili ni ya Septemba 2017. Ukurasa wake ni mbaya kuutazama, maandishi yamebanana na alama za kompyuta kila mahali, nikawa nashuka polepole kwa sababu macho yangu yalikuwa yanaogopa.

Ya mzee ni ya saba kutoka juu. Ipo yote.

Ipo ile sehemu anayosema shina la limau usilibebeshe mpaka liwe unene wa penseli, na kwamba ganda ukilichana kwa umbo la T likikataa kubanduka, mti unakuambia bado, kanyweshee kwanza. Ipo na sehemu niliyokuwa nimeisahau kabisa, anapoeleza alivyojifunza kwa kuharibu miche kumi na minane ya baba yake, na baba yake hakumpiga, alimletea mche wa kumi na tisa.

Nimeinakili kwenye faili. Nimeondoa alama zote za HTML kwa mkono, mstari kwa mstari, imenichukua hadi saa sita usiku. Jina la faili nimelipa tarehe yake ya zamani, 2017, na nimeliweka ghalani pamoja na picha ya kisu. Kesho nazinakili kwenye flashi zote mbili.

Mwanawe bado yupo kijijini na shamba ndilo lilelile. Aliwahi kuniomba maneno ya baba yake mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia sina. Jumamosi naenda na nakala ya karatasi.